Ndoo Hairudi Tupu

Karanga ya tatu ndiyo iliyomshtua. Ya kwanza Asnath aliitafuna huku akihesabu kuku kwa macho, ya pili akaimeza hata bila kuisikia, lakini ya tatu ilipopasuka kwenye meno alisimama pale kizingitini, mkono mdomoni. Akaitema kiganjani, akainusa. Akachukua nyingine kwenye ungo, akaimenya, akaitafuna taratibu, macho ameyafumba. Hakukosea. Karanga zilikuwa na ladha ya petroli.

Haikuwa kali. Lakini petroli haihitaji kuwa kali, inahitaji kuwepo tu.

Karanga zenyewe zilikuwa za Majidi, dereva wa bodaboda pale Ipole. Alizileta siku nne nyuma ndani ya ndoo nyeupe aliyokuwa akiirudisha. Asnath akazimimina kwenye ungo, akashukuru, na ile ndoo akaipeleka mahali pake pa siku zote, ghalani, juu ya ndoo nyingine za asali. Alipolikumbuka hilo, akakaa chini. Kwa sababu ghala sasa lilikuwa tupu. Ndoo zote arobaini na mbili zilishapelekwa msituni, kwenye kambi ya warina asali, na kesho Alhamisi ndiyo siku waliyopanga kumaliza kuchuja na kujaza.

Ngoja tusimlaumu kabla hatujajua alifikaje hapo, maana mwanamke huyu hakuwa mzembe. Tatizo lake lilikuwa la upande wa pili kabisa. Alikuwa mtu wa kujiandaa.

Tangu Raymundi mumewe afariki, miaka saba sasa, Asnath ndiye aliyeshika funguo za ghala la kikundi cha asali. Wanaume wanane wanaingia msituni kurina, yeye anabaki kuosha ndoo, kukausha vifuniko na kumpokea mnunuzi anapokuja na gari lake. Mwezi wa nne, redio ilianza kuzungumza habari za mafuta. Meli hazifiki kama zamani, visima vya huko duniani vinachoka, na nchi hii, alisema mtaalamu mmoja kwa sauti ya upole ya mtu anayeleta habari za msiba, inaagiza kila tone inalochoma. Nchi ijiandae. Pale kwenye kibanda cha chai watu walicheka, wakaulizana nchi inajiandaaje, inanunua viatu? Asnath hakucheka. Yeye alidhani anaambiwa yeye.

Na kwa nini asidhani? Zamani asali ya Ipole ilitoka msituni juu ya baiskeli, ndoo mbili mbili, wanaume wakisukuma na kuimba. Zikaja pikipiki. Ndani ya miaka michache baiskeli zikauzwa kama chuma chakavu, zilizobaki zikatundikwa kwenye dari kuku wakazitagia. Siku hizi hata chumvi haiendi popote mpaka ipande pikipiki. Bahari hatuijui, wengi wetu hatujawahi kuiona, lakini meli ikichelewa kule pwani huku kwetu mgonjwa anabebwa kwa machela. Asnath aliyawaza hayo mwenyewe, akifagia uwanja, bila mtaalamu wa kumsaidia.

Basi akaanza kununua petroli. Lita mbili leo, lita tatu wiki ijayo, haba na haba. Madumu yalikuwa hayapatikani, maana wajanja wa mjini walishayakusanya yote, kwa hiyo akachukua ndoo tatu mpya za asali, zile zenye kifuniko kinachobana mpaka ukifungue kwa kisu. Alijua fika kwamba plastiki haisahau. Kila mfuga nyuki anajua: ndoo iliyowahi kukaa na vitunguu inatoa asali ya vitunguu. Ndiyo maana akachora msalaba mkubwa wa mkaa kwenye kila moja, akazificha chini ya banda la kuku, mbali na nyumba na mbali na ghala. Hakuna mtu angeweza kukosea.

Mwezi wa saba mafuta yakaisha kweli. Ipole hakuna, Sikonge hakuna, Tabora foleni. Asnath hakuuza hata tone. Ndoo ya kwanza ilitoka siku Advera, mkwe wa mzee Masele, mwenyekiti wa kikundi aliyekuwa msituni, aliposhikwa na uchungu kwa siku mbili mtoto akikataa kuja. Bajaji ikajazwa, wakamkimbiza hospitali Sikonge. Ya pili aliichukua Lugembe, mlinzi wa pampu ya kisima, wakati akina mama walikuwa wameanza kuchota maji machafu kwenye lambo. Ya tatu aliipokea Majidi na wenzake wawili ili wapeleke ndoo za asali kambini. Kijiji kizima kiliishi wiki mbili kwa ukaidi wa mwanamke mmoja aliyeisikiliza redio.

Lakini kwetu kuna adabu. Ukiazima chombo cha mtu hukirudishi kichafu, na hukirudishi kitupu. Kwa hiyo kila ndoo iliposhaisha mafuta ilisuguliwa kwa majivu, ikasuuzwa, ikaanikwa juani, ikarudi inang'aa. Ya Advera aliirudisha Kashindye, mama mkwe wake, ikiwa na unga wa muhogo. Ya Lugembe ikaja na viazi vitamu. Ya Majidi, iliyomiminwa yote kwenye matangi kabla ya safari ya kambini, ikaja na karanga. Na misalaba ya mkaa? Ilisuguliwa kwanza kabisa. Nani anarudisha ndoo ina masizi? Viazi Asnath alivipika, akasema viazi vya mwaka huu vina uchungu kidogo. Unga alimpa jirani. Na ndoo, moja baada ya nyingine, mikono yake iliyozoea ikazipeleka ghalani. Siku ndoo zinapakiwa kwenda kambini, yeye alikuwa Sikonge amempelekea Advera uji.

Ndoo tatu kati ya arobaini na mbili. Mnunuzi humimina asali yote kwenye pipa moja, halafu ananusa. Mwaka juzi kikundi cha jirani kilirudishiwa mzigo mzima kwa ndoo moja iliyokaa na mafuta ya taa, na mnunuzi hakurudi tena. Familia nane zilikuwa zinaisubiri asali hii tangu maua ya mwezi wa nne.

Simu kule msituni haishiki. Kambi iko kilomita thelathini na tano. Asnath akaenda moja kwa moja kwa Majidi, akamkuta amelala juu ya kiti cha pikipiki yake, tangi limekauka.

"Nisaidie kuishusha baiskeli ya marehemu," akamwambia.

Majidi alicheka kwanza, akauliza kama anataka kuiuza. Alipoonjeshwa karanga, kicheko kikakatika. Alipanda mwenyewe kwenye dari, akafukuza kuku, akaishusha. Mnyororo ulikuwa mzima, kwa sababu kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya mumewe, Asnath alikuwa anaupaka mafuta ya alizeti, bila kujua kwa nini. Majidi alipiga upepo matairi mpaka jasho likamtoka. Alitaka aende yeye. Asnath akakataa, akasema kosa ni lake na mdomo wa kulisema ni wake.

Kashindye alimkimbilia njiani na kibuyu cha maji. Mpaka hapo mzee Masele alikuwa hajaambiwa lolote kuhusu mkwe wake. Mrina asali aliye juu ya mti hapelekewi habari za mgonjwa, mkono ukitetemeka anaanguka. Ndivyo tulivyolelewa, na akina Majidi walipokwenda walifunga midomo. Sasa Advera ameshavuka, mtoto ananyonya. Kashindye akamwambia Asnath amwambie mzee, ila ahakikishe yuko chini, miguu yake yote miwili iko ardhini.

Saa tatu asubuhi akaingia njia ya msitu. Ni njia ya zamani sana, wapagazi waliipita na pembe na vitambaa, kwenda pwani na kurudi kwa nyayo zao, na babu yake Asnath alikuwa akisema kwamba ukikanyaga taratibu utasikia imekuwa ngumu chini ya mchanga. Asnath hakusikia kitu zaidi ya moyo wake. Penye mchanga alisukuma, penye udongo alipanda. Umri wake miaka arobaini na nane, mapaja yalimkumbusha kila mmoja wa miaka hiyo. Njiani alipanga namna ya kusema. Angeanza na habari ya mtoto, mzee acheke, halafu alete hili la ndoo likiwa limelainika. Ilikuwa mipango mizuri. Karibu na kambi, akipumzika chini ya mninga, akaiona ilivyo: atakuwa amemtumia kichanga yule kununulia msamaha. Akaona aibu peke yake msituni. Akaapa ataanza na kosa, na mtoto atakaa mdomoni mpaka kosa lipate hukumu yake.

Alifika saa tisa. Kambi ilikuwa moshi mtupu, masega kwenye mabeseni, wanaume wana macho mekundu. Walipomwona mwanamke anatokea msituni na baiskeli ya Raymundi, vichwa vyote viligeuka. Mzee Masele, mwenyekiti wao, mtu mrefu mwenye makovu ya nyuki mpaka masikioni, alikuwa chini, ameketi kwenye gogo anakamua nta. Asnath alipiga goti, akatoa shikamoo, akaitikiwa. Akasema yote bila kupumzika: redio, petroli, msalaba wa mkaa, majivu, karanga. Akaweka kiganja cha karanga juu ya gogo kama ushahidi.

Mzee Masele alitafuna karanga moja, akatema.

"Sisikii kitu," akamwambia Asnath, akimwita kwa jina la mwanawe. "Siku kumi za moshi. Pua zetu zimekufa, Mama Nestory. Wewe unusaji wako ukoje?"

Wake nao ulikuwa umekufa. Tangu asubuhi alikuwa ananusa karanga na mikono yake, sasa kila kitu kilinuka petroli, mpaka majani. Alizunguka ndoo zote akiingiza kichwa ndani, machozi yakimtoka, na zote zilinuka, au hakuna iliyonuka, hakujua. Zote nyeupe, zote zinang'aa. Kumi na moja zilikuwa zimejaa tayari. Mmoja wa wale wanaume akasema kwa sauti ndogo kwamba afadhali wamwage zote kumi na moja kuliko kuharibu jina. Mwingine akageuka akatazama miti.

Mzee Masele akafikiri. Kisha akatoa amri ambayo Asnath hakuielewa. Moshi uzimwe wote. Ndoo zote zipelekwe kwenye uwazi ule wa juani, zipangwe mbali mbali, zilizojaa zifunguliwe, na tupu zipakwe asali kidogo ndani, kidole kimoja. Warina asali walitazamana. Siku kumi walikuwa wanapigana na nyuki wasiifikie asali hiyo, leo wanawaalika? Lakini walipanga.

"Wenye mali wanakuja," mzee akasema, akaketi. "Wao hawajavuta moshi."

Walikaa kwenye kivuli. Nyuki wa kwanza alikuja akaizunguka ndoo moja, akaingia. Akaja wa pili. Halafu wakaja kwa mamia, uwazi wote ukanguruma, wakashuka ndani ya ndoo kwa pupa, wakatambaa kwenye kingo mpaka nyeupe ikawa kahawia. Asnath alisimama. Ilichukua muda kabla hajaamini macho yake. Katikati ya mngurumo ule kulikuwa na ndoo moja iliyobaki nyeupe. Nyuki waliifikia, wakasita hewani, wakageuza. Kule mwisho, nyingine. Wanaume walianza kuhesabu kwa sauti. Ya tatu ilikuwa kati ya zile zilizojaa, asali yake iko wazi, nyekundu nzuri, inang'aa juani, na hakuna nyuki hata mmoja aliyetaka kuigusa.

Jioni ilipokaribia nyuki wakaondoka, mzee akaenda kwenye ile ya tatu, akachovya kidole, akaweka ulimini. Humo mafuta yalikuwa yamekolea kuliko kwenye karanga, hata ulimi wake uliochoshwa na moshi uliyasikia. Alitema. Ilikuwa asali ya mizinga yake mwenyewe, ile ya mwanzo, aliyoipandia kwenye mti mrefu kuliko yote.

Asnath alisema atailipa. Alisema atachonga mizinga, atafanya kazi misimu miwili, chochote. Mzee Masele alikuwa anajipangusa kidole kwenye jani.

"Hayo mafuta," akauliza, "yaliishia wapi?"

"Ndoo moja iliendesha pampu. Moja ilileta ndoo hizi hapa." Asnath akatazama miguu ya mzee. Yote miwili ilikuwa ardhini. "Moja ilimpeleka Advera Sikonge. Uchungu ulimkaba siku mbili. Daktari alisema wangechelewa saa moja tu, tungekuwa tunasema mengine. Mtoto ni wa kike, baba. Mzima. Wote wazima. Wako nyumbani."

Mzee alikaa chini pale pale kwenye majani, karibu na ndoo. Uso alikuwa ameuinamisha na mabega yalikuwa yanakwenda juu na chini, na wanaume saba walipata kila mmoja kazi ya kufanya upande wa pili wa kambi. Aliponyanyua uso, aliuliza swali moja tu.

"Kwa nini hukuanza na hilo?"

"Ungenisamehe kabla hujajua unasamehe nini."

Mzee akasema asante. Alilisema kwa Kinyamwezi, halafu akalirudia kwa Kiswahili, kama mtu anayeogopa neno moja halitatosha. Asnath alilia, sasa kwa sauti, na kilio hicho kilikuwa kitamu kuliko chakula alichokula usiku huo, ingawa alikula sana.

Asubuhi waliitazama baiskeli. Wazee wawili waliizunguka, wakabonyeza matairi, wakakumbushana nani alikuwa anabeba ngapi enzi zile. Ndoo mbili za asali safi zilifungwa kwenye keria kwa kamba za magome ya miombo, kama zilivyokuwa zinafungwa zamani. Ilikubaliwa kwamba Asnath akifika kijijini aulize nani bado ana baiskeli kwenye dari, hawatasubiri meli. Wengine walidai wao walisema tangu mwanzo baiskeli zisiuzwe. Wapi! Hakuna aliyekuwa amesema.

Zile ndoo tatu za petroli mzee Masele alizichukua mwenyewe. Asali mbaya alikuwa ameizika mbali na mizinga. Akapasha kisu motoni mpaka kikawa chekundu, akachoma alama kwenye ubavu wa kila ndoo: mistari miwili na nukta. Asnath aliijua kabla haijaisha. Ilikuwa alama ya mizinga ya Raymundi, ambayo mpaka leo ilikuwa juu ya miti kadhaa huko ndani, na mzee alikuwa akiirina na kumpelekea fungu lake kila mwaka.

"Hizi sasa ni za mafuta," akasema. "Yakipatikana, weka tena. Na alama hii wakitaka kuisugua kwa shukrani zao, wasugue."

Aliziingiza moja ndani ya nyingine ili zifungwe juu ya mzigo. Kisha akasita, akazitoa tena, akatazama ndani ya ile ya juu. Asnath alijua anawaza nini. Ni chombo cha mtu, na kilikuwa kitupu. Lakini utaweka nini ndani ya ndoo ambayo nyuki wenyewe wameikataa? Si sega, si nyama, si uyoga mkavu. Mzee aliingia nyuma ya kibanda, shoka likasikika. Akarudi na kuni, vijiti vigumu vilivyokauka, vimepasuliwa vyembamba na vyote vya urefu mmoja, akavisimamisha ndani ya ndoo mpaka ikajaa.

"Mpe Advera. Za kuchemshia maji ya kumkandia," akasema. "Zikinuka petroli, basi zitashika upesi."

Alifika Ipole alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Akina mama walikuwa pampuni, watoto walimkimbilia wakimsukumia baiskeli. Hakwenda ghalani kwanza. Aliingia uwani kwa Kashindye, akaegemeza mzigo ukutani, akabeba ile ndoo ya kuni mpaka ndani, ambako Advera alikuwa amelala na mtoto kifuani, na sufuria kubwa ya maji ilikuwa inasubiri juu ya mafiga matatu, majivu yamepoa chini yake.

Kashindye alipanga zile kuni, akitikisa kichwa kwa jinsi zilivyopasuliwa. Alianza kutafuta karatasi ya kuwashia. Asnath akamwambia asihangaike, ajaribu hivyo hivyo. Kijiti kimoja cha kiberiti kilitosha.